Mchoraji Aliyejifunza Kuumba Watu

Wanafunzi wangu wa Makadara huniletea hadithi za picha walizozichora wenyewe, zimejaa bastola na mbio za matatu. Nikiuliza huyu anayekimbizwa ni nani, anapenda nini, anaogopa nini, hunyamaza. Ndipo ninapowasimulia habari za Georges Remi, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka wa 1907, aliyejulikana kwa jina la Hergé. Vitabu vyake nilivisoma utotoni katika maktaba ya Kaloleni.

Shujaa wake Tintin, kijana mwanahabari, alianza kutokea gazetini, Brussels, Januari 1929. Mwaka uliofuata Hergé alimpeleka Kongo, nchi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuikanyaga. Humo visa havikatiki: simba, mamba, majambazi. Lakini Waafrika wote wana uso mmoja na akili moja. Nilipokuja kukisoma kitabu hicho ukubwani nilijitafuta miongoni mwao nisijione. Simtetei. Alituchora kama mapambo ya ukurasa.

Mnamo 1934 alikutana na Zhang Chongren, Mchina aliyekuwa akisomea sanaa Brussels. Urafiki ule ulimgeuza. Katika kisa cha China alichokianza mwaka huo alimwumba Chang, yatima anayecheka pamoja na Tintin juu ya upuuzi ambao watu wao huaminishana kuhusu wageni. Mwaka wa 1941 akaja Nahodha Haddock, mlevi, mwepesi wa hasira, mwenye moyo wa dhahabu. Na nakiri kwamba tangu hapo mimi nilifungua vitabu vile kwa ajili yake, si kwa ajili ya majambazi.

Kisa nikipendacho zaidi kilianza mwaka wa 1958. Ndoa ya Hergé ilikuwa ikivunjika, na ndoto za weupe mtupu zilimsumbua usiku. Akachora Tibet: theluji, na Tintin akimtafuta Chang ambaye kila mtu anaamini amekufa. Jambazi hayumo hata mmoja. Tukio ni hilo tu, nasi tunasoma hadi mwisho kwa kuwa tunawajua wawili hao.

Hergé alifariki Machi 1983, akiwa ameagiza Tintin asiendelezwe na mkono mwingine. Huku kwetu, Juha Kalulu wa Edward Gitau aliishi kurasani mwa Taifa Leo kwa miongo mingi. Ujinga wake tuliujua kabla ya kufunua gazeti, na bado tulianza naye.

Juma lililopita msichana mmoja aliniletea kurasa mbili. Makanga, alfajiri, anahesabu sarafu mara tatu kabla ya kumpigia mamake simu. Hakuna kinacholipuka. Nimemwomba ukurasa wa tatu.