Aliyejionjesha Dawa ya Maumivu
Mgonjwa wa saratani akiugulia kitandani huko Burnt Forest, huambiwa astahimili. Hata hivyo, dawa ya kumtuliza ilipatikana zamani kwa juhudi za Friedrich Sertürner, mfamasia Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1783. Akiwa kijana mjini Paderborn, alitenga mofini kutoka kwenye afyuni. Wataalamu wakampuuza. Ndipo alipojijaribia mwenyewe pamoja na vijana watatu, nusura sumu iwaangamize. Makala yake ya mwaka 1817 yakamletea sifa. Akafariki mwaka 1841.

Maisha yake yanatufunza kuwa mofini yahitaji kipimo, si woga. Daktari na aipime. Nasi jamaa tumgeuze mgonjwa, tumwoshe, tumliwaze. Ustahimilivu ni sifa njema, bali kumwacha mtu ateseke bure ni ukatili.