Shekhar Mehta: Bingwa wa Safari Rally aliyeangushwa na jangwa la Misri

DEREVA aliyeyashinda mara tano tope, mashimo na vumbi la Safari Rally hakumalizia kazi yake ya usukani katika ardhi ya Afrika Mashariki. Aliimalizia jangwani nchini Misri mwaka 1987, katika ajali iliyokaribia kumtoa uhai. Dereva huyo ni Shekhar Mehta.

Kwa wasomaji wenye umri, jina hilo halihitaji utambulisho. Katika miaka ya 1970 na 1980, Pasaka ya wakazi wa nyanda za juu magharibi, kuanzia Eldoret hadi Moi's Bridge, mji ulioitwa Hoey's Bridge enzi za walowezi, iliangukia msimu wa kupanda mahindi. Mkondo wa magharibi wa mashindano ulipopitia Eldoret na vilima vya Cherangani, majembe yaliwekwa chini. Watu walijipanga kandokando ya barabara, mvua ikinyesha, wakingoja kuona nani anatangulia. Mara nyingi jina lililotajwa lilikuwa la Mehta.

Chandrashekhar Mehta alizaliwa Uganda Juni 20, 1945, katika familia ya asili ya Kihindi iliyokuwa na mashamba makubwa na biashara. Alianza mbio akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha BMW. Mwaka 1971, akiwa na mwelekezi Mike Doughty, alimaliza wa pili katika Safari nyuma ya Edgar Herrmann, wote wawili wakitumia Datsun 240Z. Ilionekana wazi kwamba zamu yake haiko mbali.

Kabla zamu hiyo haijafika, alipoteza nchi. Agosti 1972, Rais Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa waliofukuzwa, na Shekhar akahamia Kenya.

Miezi michache baadaye, Aprili 1973, alijipanga tena katika mstari wa kuanzia jijini Nairobi, safari hii akiwa na mwelekezi Lofty Drews. Mwaka huo ndio ulikuwa wa kwanza kwa Safari kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia. Baada ya zaidi ya kilomita 5,000, Mehta na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa pia katika Datsun, walifungana kwa pointi 406 za adhabu kila mmoja. Kanuni zilisema kwamba wakilingana, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Huyo alikuwa Mehta. Mtu aliyekuwa ametoka kufukuzwa alikozaliwa akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mashindano ya ubingwa wa dunia wa magari.

Ushindi huo unaeleza mengi kuhusu uendeshaji wake. Safari ya enzi hizo haikuwa mbio za dakika chache. Barabara hazikufungwa, dereva alikutana na mabasi, malori, ng'ombe na wapita njia. Adhabu ilitolewa kwa kila dakika ya kuchelewa kufika kituo cha ukaguzi. Aliyekimbia kupita kiasi alivunja gari kwenye jiwe au akazama mtoni, na aliyejihurumia sana akalemewa na adhabu. Mehta alijua mahali pa kukanyaga mafuta na mahali pa kulihurumia gari, na elimu hiyo wageni wengi kutoka Ulaya, pamoja na kasi yao yote, walichelewa kuipata.

Mashindano yenyewe yalikuwa yameanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakitumia magari ya kawaida kama yalivyouzwa dukani. Marekani nayo ilikuwa imeanzisha mbio za magari ya namna hiyo miaka minne kabla. Kote kuwili hamu ilikuwa moja: mtazamaji aone gari linalofanana na la jirani yake likijaribiwa hadi mwisho wa uwezo wake. Datsun za Mehta, ingawa ziliimarishwa, hazikuwa mbali sana na zile za mjini.

Mwaka 1979 alishinda tena, akimwacha Hannu Mikkola wa Finland aliyekuwa katika Mercedes. Akashinda 1980. Akashinda 1981, ingawa ushindi huo uligubikwa na mzozo kati yake na Rauno Aaltonen, dereva wa timu yake mwenyewe. Akashinda 1982 mbele ya Walter Röhrl wa Ujerumani. Mwelekezi katika ushindi wote huo wa mfululizo alikuwa Doughty. Nje ya Kenya, mara nyingi kiti hicho kilikaliwa na mkewe, Yvonne.

Lakini magari yalikuwa yakibadilika. Kanuni za Kundi B ziliwaruhusu watengenezaji kuunda gari la mashindano mradi watengeneze magari 200 tu. Peugeot 205 T16 ilifanana kwa mbali na gari dogo la mama wa nyumbani Ufaransa, ila injini yake ilikaa nyuma ya dereva na nguvu zake zilipita za farasi 400. Mwaka 1986 gharama ya mabadiliko hayo ilijulikana. Machi, watazamaji waliuawa nchini Ureno gari lilipowavamia. Mei, Henri Toivonen na mwelekezi wake, Sergio Cresto, waliteketea katika kisiwa cha Corsica. Kundi B likapigwa marufuku.

Peugeot haikuyatupa magari yake. Iliyapeleka jangwani, ambako kanuni hizo hazikufika. Mehta, aliyekuwa tayari ameiendeshea kampuni hiyo katika Safari ya 1986, akafuata. Alishiriki mbio za Paris-Dakar mwanzoni mwa 1987, kisha Mbio za Mafarao nchini Misri.

Jangwa ni mwalimu wa aina nyingine. Katika barabara za Kenya dereva angeweza kupita mapema, akakagua kona na madaraja na kuyaandika. Mchangani hana ila kitabu cha njia na macho yake. Tuta analolipanda kwa kasi linaweza kuwa na mteremko mpole upande wa pili, au ukuta wima. Jua la mchana hufuta vivuli na mchanga wote ukaonekana tambarare. Gari zito lenye nguvu za farasi 400 linapogundua kosa hilo, huwa limekwisha kuruka.

Huko ndiko Mehta alikopata ajali. Aliumia vibaya na kazi yake ya udereva ikafikia kikomo, akiwa na umri wa miaka 42.

Alirejea kwa mlango mwingine. Aliingia katika uongozi wa shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, na kufikia kuwa rais wa tume yake ya mbio za barabarani. Aliyekwisha kuuonja mchanga wa Misri sasa ndiye aliyekaa mezani kanuni zilipojadiliwa. Wadhifa huo haukuwa mtamu kila siku: ni katika kipindi hicho Safari, iliyomjengea jina, ilipotolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mashindano ya 2002, kwa sababu za fedha na maandalizi.

Mehta alifariki London Aprili 12, 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Carl Tundo alifikisha ushindi wake wa tano wa Safari mwaka 2018, ila wakati huo mashindano hayakuwa ya ubingwa wa dunia. Ushindi wa miaka minne mfululizo umebaki wa Mehta peke yake.

Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia Juni 2021. Sehemu za kushindania muda zilikuwa takriban kilomita 320, barabara zikafungwa, na magari yakazunguka zaidi Naivasha. Hayakufika Eldoret wala Cherangani. Wakazi wa Moi's Bridge waliyatazama kwenye televisheni.