Kapteni Sankara na Walimu Wake

Wanachuo wenzangu, sura ya Thomas Sankara mnaijua hata kama historia yake hamjaisoma. Bereti, tabasamu, magwanda ya jeshi. Ipo kwenye fulana, ipo kwenye simu zetu, na siasa za chuo zikipamba moto lazima mtu amtaje. Mimi pia namkubali, sifichi. Ila mimi nasomea ualimu, na katika maisha ya kapteni huyu kuna ukurasa mmoja unaowahusu walimu ambao kwenye fulana haupo. Kwa hiyo leo nasimulia maisha yake yote, na ukurasa huo ukiwemo.

Sankara alizaliwa tarehe 21 Desemba 1949 katika mji wa Yako, nchi ya Volta ya Juu, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ufaransa huko Afrika Magharibi. Baba yake, Joseph, alikuwa askari aliyewahi kulitumikia jeshi la Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia. Familia ilihamia Gaoua, kusini-magharibi mwa nchi, na huko ndiko Thomas alikosoma shule ya msingi. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki na walitamani awe padri. Yeye akaenda sekondari Bobo-Dioulasso, na mwaka 1966 akaingia shule ya kijeshi ya Kadiogo, mjini Ouagadougou.

Hapo Kadiogo alikutana na mwalimu wa kiraia aliyeitwa Adama Touré, aliyekuwa akifundisha historia na jiografia. Touré alikuwa na msimamo wa mrengo wa kushoto, na nje ya saa za darasa alikaa na baadhi ya wanafunzi kuzungumzia ukoloni, ubeberu na ukombozi wa Afrika. Sankara alikuwa mmojawao. Sisi wa kitivo cha elimu tulitie alama jambo hili: mawazo yaliyokuja kuitikisa nchi nzima yalianzia kwa mwalimu wa historia aliyekubali kubaki na wanafunzi baada ya kipindi.

Baadaye alipelekwa chuo cha maofisa cha Antsirabe, Madagaska. Akiwa huko, mwaka 1972, wanafunzi na wafanyakazi wa Madagaska waliingia mitaani na Rais Tsiranana akaachia madaraka. Kijana wa miaka 22, umri wangu mimi, akashuhudia kwa macho yake serikali ikianguka baada ya mgomo ulioanzishwa na wanafunzi. Alirudi nyumbani mwaka 1973 akiwa ofisa kijana, na mwishoni mwa 1974 akapigana katika vita fupi ya mpakani kati ya nchi yake na Mali. Jina lake likaanza kuvuma. Lakini baadaye mwenyewe aliiona vita ile kuwa haikuwa na maana, maskini wawili kugombania vumbi.

Mwaka 1976 alipewa kuongoza kituo cha mafunzo ya makomandoo huko Pô, karibu na mpaka wa Ghana. Akawa kamanda anayependwa na askari wake. Alikuwa pia mpiga gitaa, na mambo ya bendi aliyajua vizuri. Katika miaka hiyohiyo akawa na urafiki wa karibu sana na ofisa mwenzake, Blaise Compaoré. Jina hilo liwekeni akilini.

Mwaka 1981 serikali ya kijeshi ya wakati huo ilimteua kusimamia wizara ya habari. Akaenda kwenye kikao cha baraza la mawaziri kwa baiskeli. Miezi michache baadaye, Aprili 1982, alijiuzulu hadharani kwa sababu serikali ile ilikuwa ikiwabana wananchi. Mapinduzi mengine yakaja, na Januari 1983 akawa waziri mkuu. Mei 17 akakamatwa. Vijana na wanafunzi wa Ouagadougou waliandamana kudai aachiwe. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1983, makomandoo wa Pô wakiongozwa na Compaoré waliingia mji mkuu, na Sankara akawa rais. Alikuwa na miaka 33, na cheo chake kikabaki kuwa kapteni.

Kilichofuata kilikwenda mbio kweli kweli. Mwaka mmoja baadaye Volta ya Juu ikaitwa Burkina Faso, nchi ya watu waadilifu, kwa kuchanganya maneno ya lugha zao wenyewe. Magari ya Mercedes ya serikali yaliuzwa, mawaziri wakapanda Renault 5. Watumishi wa umma walitakiwa kuvaa nguo za pamba iliyofumwa nchini. Mwishoni mwa 1984, ndani ya wiki chache tu, watoto zaidi ya milioni 2 walichanjwa dhidi ya surua, homa ya uti wa mgongo na homa ya manjano. Watu walitandika reli kwa mikono yao kuelekea kaskazini. Wanawake waliingia kwenye baraza la mawaziri na jeshini, na ilitengwa siku moja ambayo wanaume walitakiwa kubeba vikapu kwenda sokoni ili waone bei na wauone mzigo wenyewe.

Nikisoma haya huwa natamani ningekuwepo. Halafu nakumbuka kwamba ningekuwepo, ningekuwa mwalimu.

Machi 1984 chama cha walimu kiliitisha mgomo baada ya viongozi wake kukamatwa. Serikali ya Sankara iliwafukuza kazi walimu zaidi ya 1,300. Madarasa yao wakapewa vijana waliofundishwa haraka haraka, ambao sifa kubwa ya baadhi yao ilikuwa kuyaunga mkono mapinduzi. Hebu fikiria nchi ambayo watu wengi mno hawajui kusoma wala kuandika, halafu inawatoa madarasani walimu zaidi ya elfu moja kwa mpigo. Waliolipa ni watoto walioketi kwenye madawati yale. Baadaye walimu wengine walirudishwa, lakini mwaka wa shule ukishapotea kwa mtoto haurudi.

Na halikuwa jambo hilo peke yake. Juni 1984 watu saba walioshtakiwa kwa njama za kupindua serikali waliuawa. Kamati za mapinduzi zilizoundwa mitaani na vijijini zilipewa silaha, na baadhi ya vijana wake walizitumia kuwaonea watu. Vyama vya wafanyakazi vilibanwa. Mtu aliyejiuzulu uwaziri mwaka 1982 kwa sababu watu wananyimwa sauti, ndiye huyo huyo aliyewanyima walimu sauti mwaka 1984.

Kwa nini? Jibu langu ni haraka. Sankara aliona watoto wanakufa kwa surua, aliona jangwa linasogea, akaona hakuna muda wa kubishana. Kwa chanjo, haraka ile iliokoa maisha. Kwa walimu, haraka ile ile ilimfanya amuone kila anayepinga kuwa adui. Chanjo unaweza kuitoa kwa amri ndani ya wiki mbili. Elimu haitaki hivyo, inahitaji mtu anayeingia darasani kesho na keshokutwa, hata yule usiyekubaliana naye. Adama Touré asingepata nafasi ya kuzungumza na wanafunzi wake kama mkuu wa shule ile angekuwa na haraka ya namna hiyo.

Julai 1987 Sankara alisimama Addis Ababa mbele ya viongozi wenzake wa Afrika na kuwaomba wakatae kwa pamoja kulipa madeni ya nje, kwa hoja kwamba nchi moja ikikataa peke yake itamalizwa. Alisema mambo mazito akichanganya na utani, na watu wakacheka. Hazikupita hata siku 80 kabla ya kifo chake.

Alhamisi ya tarehe 15 Oktoba 1987, saa kumi jioni hivi, alikuwa kikaoni Ouagadougou. Askari wakafika na kufyatua risasi. Sankara aliuawa pamoja na wenzake 12, akiwa na miaka 37. Alizikwa usiku, harakaharaka, na cheti cha kifo kikaandika kwamba amekufa kifo cha kawaida. Rafiki yake Compaoré akachukua nchi na kuitawala miaka 27, hadi wananchi walipomwondoa mwishoni mwa Oktoba 2014. Kesi ya mauaji ilifunguliwa mwaka 2021, na Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikamhukumu Compaoré kifungo cha maisha bila yeye kuwepo, maana alikuwa uhamishoni. Mwaka 2023 masalia ya Sankara na wenzake yalizikwa upya pale pale walipouawa.

Sasa kuna wenzangu watasema namchafua shujaa. Sidhani. Marehemu hachafuliwi kwa kusimuliwa maisha yake kamili. Tukimbakiza kwenye fulana tu, tunajifunza kuvaa. Tukimsoma, tunaona ofisa aliyeishi kwa uadilifu, akafanya ndani ya miaka minne mambo ambayo wengine hawakuyafanya kwa miaka ishirini, na akakosea kwa watu wale wale aliowahitaji zaidi.

Wengi wenu mtakuwa viongozi: wa serikali ya wanafunzi kwanza, halafu wa ofisi, wa halmashauri, pengine wa nchi. Ipo siku mtakuwa na jambo jema mkononi, na mwalimu mmoja mbishi amesimama njiani. Siku hiyo mkumbukeni kapteni, mkumbuke na wale 1,300. Sisi tunaokwenda kushika chaki tutakuwa kazini, na tukiona mambo hayaendi sawa tutasema.