Mzee Ojwang: Mkikuyu aliyechekesha kwa lafudhi ya Kijaluo

Vipande vya video za vichekesho vya zamani siku hizi vinafika Mbinga mjini hadi Mbamba Bay kwa simu, vingi vimekatwa mwanzo na mwisho. Katika baadhi yake utamwona mzee mwenye miwani mikubwa, anafoka na kujigamba, na akisema shamba linatoka samba. Huyo ni Mzee Ojwang wa Vitimbi. Swali ni hili: je, alikuwa anawadhihaki Wajaluo?

Jina lake halisi ni Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Alijulikana kupitia Sauti ya Kenya, shirika lililokuja kuitwa KBC mwaka 1989. Sisi Tanzania Bara tulikuwa bado hatuna televisheni. ITV ilianza 1994, na kabla ya hapo tulicheka na Pwagu na Pwaguzi redioni.

Katika Vitimbi, Ojwang alikuwa mume anayejifanya anajua kila kitu. Mkewe, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, hakukubali kuburuzwa. Walikuwepo pia Mogaka na Masanduku arap Simiti, kila mmoja na lafudhi yake. Kwa hiyo hakukuwa na kabila moja lililowekwa katikati lichekwe na wengine. Na Ojwang hakumcheka Mjaluo kwa mbali, alijivika yeye mwenyewe ujinga na majivuno, akaumbuka mbele ya nchi nzima.

Lakini mambo yalibadilika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya zaidi ya 1,000 waliuawa, wengi kwa sababu ya kabila lao. Mwaka 2008 ikatungwa sheria inayokataza chuki na dharau za kikabila. Tangu hapo kuiga lafudhi ya mwenzako si jambo jepesi tena, na wanaolalamika wana haki yao. Lafudhi ileile inaweza kutumiwa kumfukuza mtu mtaani.

Huku Ruvuma tunalielewa hili kwa njia ya utani. Mngoni anaweza kumsema Mhehe hata msibani, na hakuna ugomvi, kwa sababu mtani yupo pale na atajibu, pengine kwa ukali zaidi. Kipande cha sekunde 20 kwenye simu hakina mtani wa kujibu. Mama Kayai aliyekuwa anamjibu Ojwang amekatwa, limebaki neno la kejeli peke yake. Kwangu mimi, hapo ndipo dharau inapoanza, na Wanjau hakuwa na mkono ndani yake.

Miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, na hakuwa na mali ya kulingana na umaarufu wake. Alifariki Nairobi, katika Hospitali ya Kenyatta, tarehe 12 Julai 2015. Wapo watazamaji wa miaka mingi ambao ni kwenye matangazo ya kifo chake walikosikia kwa mara ya kwanza jina la Wanjau, wakagundua kwamba Ojwang wao hakuwa Mjaluo.