Srinivasa Ramanujan na Kibao Chake

Majumbani mwetu, mtoto anayefaulu hisabati husemwa kuwa amezaliwa nazo. Anayeshindwa husemwa kuwa hakujaliwa. Wenye kusema hivyo hupenda kumtaja Ramanujan kuwa shahidi wao. Shahidi huyo, msomaji, hajasikilizwa vizuri.

Alizaliwa Erode, kusini mwa India, tarehe 22 Desemba 1887, akakulia Kumbakonam katika mtaa unaoelekea hekalu la Sarangapani. Baba yake alikuwa karani katika duka la sari. Mama yake, Komalatammal, aliimba nyimbo za ibada hekaluni. Kipaji alikuwa nacho, hakuna awezaye kukikana. Lakini alipofikia umri wa miaka 16 hivi alikipata kitabu cha Mwingereza G. S. Carr, chenye maelfu ya kanuni na maelezo machache mno. Akaanza kuzithibitisha mwenyewe. Karatasi ilikuwa ghali. Hivyo aliandika kwa chaki juu ya kibao, akafuta kwa kiwiko, na matokeo peke yake ndiyo aliyoyanakili daftarini. Madaftari hayo yana matokeo zaidi ya 3,000. Hiyo ni kazi ya miaka, mchana na usiku.

Akili hiyo hiyo haikumwokoa chuoni. Aliyapuuza masomo mengine yote, akanyimwa ufadhili, akaanguka mitihani, na mwaka 1912 akawa karani wa bandari ya Madras kwa rupia 30 kwa mwezi.

Januari 1913 alimwandikia G. H. Hardy wa Cambridge. Miongoni mwa kanuni za ajabu alizopeleka, zile za namba tasa zilikuwa na makosa, kwani hakuwa amefunzwa uthibitisho madhubuti. Yeye alisadiki kwamba Devi Namagiri wa Namakkal, mlinzi wa ukoo wao, alimletea kanuni ndotoni. Imani hiyo tunaiheshimu. Ila kanuni ya ndotoni nayo ilidai kuthibitishwa mchana.

Mwaka 1914 alivuka bahari, jambo lililokuwa zito kwa Brahmini wa zama zake, akaanza kujifunza upya. Mwaka 1918 yeye na Hardy walitoa njia ya kukadiria namna ambazo namba huweza kuandikwa kuwa jumla ya namba nyingine. Namba 4 ina namna 5 tu. 200 ina namna 3,972,999,029,388. Percy MacMahon alikuwa ameipata hesabu hiyo kwa mkono, kwa subira isiyo kifani, na njia mpya ikaafikiana naye. Mwaka huo huo Ramanujan alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Maradhi yalimrudisha India mwaka 1919. Alifariki tarehe 26 Aprili 1920, akiwa na miaka 32, baada ya mwaka mzima wa kuandika hisabati akiwa mgonjwa. Kurasa hizo zilikaa kimya hadi mwaka 1976, George Andrews alipozikuta katika maktaba ya Trinity, Cambridge, na wataalamu wamezishughulikia kwa miongo kadhaa.