Bula Matari, mtu aliyeuza giza

Jina Bula Matari wazee wetu walilijua vizuri. Wakati wa Wabelgiji, Bula Matari ilikuwa ni serikali yenyewe: kodi, fimbo, na kazi ya lazima. Kwa Kikongo ni kusema mvunja mawe. Sisi wenye kuvunja mawe kila siku kule Rubaya na Bisie, jina kama hilo haliwezi kutushangaza. Lakini mwenye jina hakuwa mchimbaji. Mawe aliyavunja, zaidi aliyavunjisha watu, kule Bas-Congo karibu na Vivi, kusudi barabara ipite. Kazi yake ya kweli ilikuwa nyingine: kuandika, na kuuza alichoandika. Juu ya hiyo kazi ndiyo ninataka tuongee leo, maana faida na hasara yake ziko kwetu mpaka sasa.

Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, jina John Rowlands, mtoto wa mama asiyeolewa. Akiwa na miaka 6 walimtupa mu nyumba ya maskini ya St Asaph, na huko akakomalia. Alipofika kijana akapanda meli mpaka New Orleans, Marekani. Huko akachukua jina la mfanyabiashara mmoja, akawa Henry Stanley. Baadaye aliandika kama yule tajiri alimfanya mtoto wake. Wenye kuchunguza historia wengi hawamwamini. Ni kusema kitu cha kwanza alichotengeneza kwa kuuza ilikuwa ni yeye mwenyewe.

Akapigana vita ya Wamarekani kwa wenyewe, kwanza upande wa Kusini, akakamatwa, akageukia Kaskazini. Kisha akaingia mu magazeti. Mwenye gazeti la New York Herald, James Gordon Bennett, alikuwa mtu aliyejua kama habari ni mali sawa na kassiterite: yule anayeifikisha sokoni wa kwanza ndiye anapata bei. Mwaka 1869 alimtuma Stanley kutafuta Livingstone, muhubiri mzee ambaye Ulaya ilikuwa haijui kama ni mzima. Livingstone hakuwa amepotea. Watu wa Ujiji walijua nyumba yake. Lakini gazeti haliwezi kuuza mtu ambaye anajulikana iko wapi.

Stanley alimkuta Ujiji mu Novemba 1871. Ile salamu aliyomtolea, ambayo dunia nzima inaijua, hakuna mwenye kuhakikisha kama kweli ilitoka mu kinywa chake. Karatasi za siku ile mu daftari lake zilipasuliwa, haziko. Mwaka wa 1872 kitabu chake kikatoka, na kuanzia hapo jina lake likawa na bei.

Safari ya pili ndiyo ilimleta kwetu. Magazeti mawili yalimlipia, moja la New York na moja la London. Akatoka Bagamoyo mu Novemba 1874, akafika Boma mu Agosti 1877, siku 999. Wazungu watatu aliotoka nao walikufa wote. Mizigo ilibebwa na watu wa pwani, Wangwana, wenye kusema Kiswahili hiki tunachosoma hapa. Kutoka Nyangwe aliteremka na mto Lualaba, akapita pale mto wetu Lowa wa Walikale unapoingia. Tippu Tip alimsindikiza kipande cha kwanza cha njia, kisha akarudi.

Mu njia alikuwa anatuma barua kwa magazeti. Alipopigana na watu wa kisiwa cha Bumbireh, mu ziwa Victoria, mwaka 1875, aliandika mauaji yale bila haya, na Uingereza watu wakapiga makelele. Wanahistoria wengine wanasema aliongeza hesabu ya wafu kusudi hadithi iwe na nguvu. Hebu fikiri: mtu anaongeza maiti juu ya kuuza gazeti! Kitabu cha safari ile kikatoka mwaka 1878, na Kiingereza kikatuita bara lenye giza. Wafaransa, walipokitafsiri, waliandika À travers le continent mystérieux, bara la siri. Hata kwa wazungu wenyewe, basi, giza ilikuwa ni jambo la jalada. Anayechapisha anachagua neno, kama muuza dawa anavyochagua karatasi ya kuzungushia.

Mfalme Leopold alisoma, akaelewa mbio. Akamwajiri. Kati ya 1879 na 1884 Stanley akafungua vituo kwenye mto, na machifu wakatia alama kwenye karatasi ambazo hawakuweza kusoma, wakapewa vitambaa. Mu Oktoba 1884 alisimama mbele ya wafanyabiashara wa Manchester, akawahesabia ni kitambaa ngapi kitauzwa kama kila Mkongomani atanunua nguo moja tu ya Jumapili. Mwezi uliofuata mkutano wa Berlin ukaanza.

Safari yake ya mwisho, 1887 mpaka 1889, ya kwenda kuokoa Emin Pasha, inanifunza kuliko zote. Kabla ya kutoka, maofisa wake walitia sinyatire: hakuna mwenye kuandika kitu mpaka miezi 6 ipite tangu mkubwa ametoa habari zake. Sisi wa sindika tukiona kontra ya namna hiyo tunajua mara moja inalinda nani. Kundi lililobaki nyuma Yambuya, kwenye mto Aruwimi, walikufa wengi sana, njaa na ugonjwa na fimbo. Wale wabeba mizigo hawakuandika kitabu. Stanley alifunga mlango Cairo, akaandika kwa siku 50 vitabu viwili vinene. Vikatoka mwaka 1890 mu lugha nyingi. Kwa Kifaransa, Dans les ténèbres de l'Afrique. Kulikuwa na toleo la watu wa kawaida, na toleo la matajiri la nakala 250 zenye sinyatire yake. Kampuni ya dawa Burroughs Wellcome ilitangaza masanduku ya dawa aliyobeba porini. Mwaka ule ule, jenerali Booth wa Armée du Salut alitoa kitabu juu ya maskini wa Uingereza, akageuza tu jina la Stanley: giza ikawa ya London. Maskini wao waliuzwa kwa jina letu.

Tippu Tip, yeye, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, mu miaka ya mwisho kabla ya kufa 1905. Mle ndani analalamika kama Stanley alimuahidi mengi na hakumlipa. Kitabu kile hakina porini yenye giza. Kina bei ya pembe, madeni, na nani alimdanganya nani. Mimi ningetaka watoto wetu wasome hicho kwanza.

Stanley alikufa London mu Mei 1904. Walikataa kumzika Westminster Abbey. Kaburi lake liko Pirbright, na kwenye jiwe wameandika Bula Matari. Mwaka 1939 Hollywood ikatoa filme juu yake, Spencer Tracy akiwa Stanley, na vijana ambao hawakufungua kitabu wakaijua ile salamu. Stanleyville ikawa Kisangani mwaka 1966, na sanamu yake Kinshasa ikaangushwa wakati wa Mobutu.

Mwaka 2006 ilitoka filme Blood Diamond, juu ya Sierra Leone. Ikauzika sana, na kuanzia pale neno damu likaanza kutembea na mawe yote. Mwaka 2010 Mdenmark mmoja alitoa filme Blood in the Mobile, damu ndani ya telefone, na kamera yake iliingia mpaka Bisie. Mambo aliyoonyesha yalikuwepo: watoto shimoni, askari wenye kulipisha watu. Siwezi kusema ni uongo. Lakini mu Julai ya mwaka ule Marekani ilitoa sheria Dodd-Frank, na kampuni za kule zikaogopa jina letu kuliko mawe yenyewe. Mu Septemba rais Kabila akasimamisha uchimbaji wote Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Askari hawakutoka. Waliotoka ni wachimbaji, na watoto wao mu shule juu ya minervali. Mu Machi 2011 walifungua tena, ila wanunuzi wengi wa zamani hawakurudi, na negosian aliyekuja alitaja bei yake akiwa bado amekaa juu ya moto, hata kushuka hakushuka.