JOSEPH PAXTON NA JANI LA AJABU

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Joseph Paxton alizaliwa Uingereza mwaka wa 1803, mtoto wa mkulima. Mwaka wa 1826 akawa msimamizi wa bustani za tajiri mmoja, Duke wa Devonshire, kule Chatsworth.

Siku hizo yungiyungi kubwa la mto Amazon lilikuwa adimu sana Ulaya. Bustani ya Kew ililiotesha lakini likakataa kutoa ua. Mwaka wa 1849 Paxton akapewa mche mmoja. Alijua kwao ni joto, basi akaujengea kidimbwi cha maji ya vuguvugu ndani ya nyumba ya vioo. Mwezi wa Novemba likachanua! Ua lake hufunguka jioni likiwa jeupe, na jioni ya pili huwa limegeuka la waridi.

Paxton hakuishia kwenye ua. Alimsimamisha bintiye mdogo, Annie, juu ya jani, na wala halikuzama. Kumbe chini yake mna mbavu nene zenye hewa, zilizoshikana kama wavu! Basi mtu huyu ambaye hakusomea ujenzi akachora Jumba la Kioo la maonyesho ya London ya mwaka wa 1851, mbavu za chuma zikibeba vioo. Michoro zaidi ya 200 ya wengine ilikuwa imekataliwa.

Alifariki mwaka wa 1865, nalo jumba likateketea mwaka wa 1936.

Sisi wanafunzi wa kutwa hupita kando ya bwawa kila asubuhi. Je, nani kati yetu amewahi kugeuza jani akatazama chini yake?